Je, Wajua? Mateka wa Delta ya Rufiji aliyepelekwa St. Helena

Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani wa Zanzibar tarehe 25 Agosti 1896, alikamatwa na Waingereza mwaka 1917 katika delta ya Rufiji, eneo ambalo leo limo katika wilaya ya Kibiti. Alikuwa ameishi Dar es Salaam chini ya hifadhi ya Wajerumani tangu Oktoba 1896, baada ya manowari za Kiingereza kuipiga mizinga kasri yake kwa muda usiofika saa moja. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, hifadhi hiyo ilipotea pamoja na utawala ulioitoa.

Khalid alisafirishwa pamoja na jamaa na wafuasi wake hadi St. Helena, kisiwa cha mbali katika bahari ya Atlantiki. Waingereza walikuwa wamekwisha kukitumia kuwafungia Napoleon, Dinuzulu wa Wazulu na maelfu ya Makaburu. Adhabu ya namna hii ilikuwa nzito kwa sababu haikuhitaji pingu: bahari ndiyo iliyokuwa ukuta.

Mwaka 1921 alihamishiwa Shelisheli, ambako Omukama Kabalega wa Bunyoro alikuwa uhamishoni tangu 1901. Mwaka uliofuata aliruhusiwa kuishi Mombasa, karibu kabisa na Zanzibar, lakini kiti cha usultani hakukipata tena. Alifariki huko Mombasa mwaka 1927.