MKANDA BILA KITI IMARA NI PAMBO TU



Sote hapa Ramisi twaijua barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Ndiyo njia yetu ya kila jambo: kliniki Msambweni, soko Ukunda, harusi na misiba Mombasa. Twapanda matatu, twabanana, twashukuru kufika. Lakini ni nani kati yetu hukiangalia kiti alichokalia?

Siku moja sisi wahudumu wa jamii tulikuwa safarini kwenda Ukunda pamoja na akina mama wa kikundi. Tulipokaribia kizuizi cha polisi makanga akasema, "Haya jamani, mikanda! Wazee wako mbele." Kila mtu akaulaza mkanda mapajani bila kuufunga. Hata sisi tunaofundisha wengine tulifanya vivyo hivyo. Mama mmoja alipouvuta wake, ukaja wote mkononi. Haukuwa umefungwa popote! Gari zima likacheka. Baadaye tulipotafakari tuliona hakikuwa kichekesho hata kidogo.

Kwa nini? Gari likienda kilomita 50 kwa saa likagonga na kusimama ghafla, mwili wako hausimami nalo. Waendelea mbele kwa mwendo ule ule mpaka ukutane na kitu cha kukuzuia. Kishindo chake ni sawa na kuanguka kutoka mita 10 hivi, yaani juu ya mnazi. Kwa kilomita 80 ni kama mita 25, na minazi mirefu namna hiyo ni michache hata kwetu Pwani. Basi kazi ya mkanda ni kukushika, na kazi ya kiti ni kutong'oka. Kimoja kikishindwa, cha pili hakina maana.

Wenzetu wa Marekani walilijifunza jambo hili polepole na kwa gharama ya maisha ya watu. Magari yao ya miaka ya 1950 yalikuwa mapana na ya kupendeza. Kiti cha mbele kilikuwa kirefu kama kochi, watu watatu wakikaa sambamba. Lakini mgongo wa kiti ulikuwa mfupi, hauna mahali pa kuegemeza kichwa. Katika magari mengi ya milango miwili mgongo huo ulilazwa mbele ili wa nyuma waingie, na haukuwa na komeo. Dereva akipiga breki kali, kiti chenyewe kilimsukuma aliyekikalia.

Mwaka 1956 kampuni ya Ford iliuza magari yenye dashibodi laini na mikanda ya kiunoni, lakini mnunuzi alilipia zaidi akitaka vitu hivyo. Mwaka 1959 mhandisi wa Uswidi, Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo, alileta mkanda unaopita kifuani na kiunoni, na kampuni ikaruhusu wengine wautumie. Hatimaye, kuanzia Januari 1968, sheria ya Marekani ilidai mikanda katika magari mapya. Zaidi ya hayo, ilidai kiti kihimili mvuto wa mara 20 ya uzito wake bila kung'oka, na migongo inayokunjwa iwe na komeo. Mwaka 1969 ikadai viegemeo vya kichwa kwa viti vya mbele. Tazameni hekima yake: hawakudai mkanda peke yake, walidai na kiti.

Hapa Kenya, kanuni alizotoa waziri John Michuki mwaka 2003 zilianza kutumika tarehe 1 Februari 2004. Matatu zikatakiwa kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Ilikuwa hatua kubwa. Shida ni kwamba wengi wetu tulielewa kuwa mkanda ni wa polisi. La! Mkanda ni wako. Shirika la Afya Duniani lasema mkanda hupunguza hatari ya kufa hadi nusu kwa waliokaa mbele, na hadi robo kwa wa nyuma.

Basi tufanye nini?

1. Ukiingia garini, kitikise kiti. Kikicheza, hamia kingine.

2. Vuta mkanda pande zote mbili uhakikishe umeshikwa. Ukiwa umechanika haufai.

3. Ufunge mpaka usikie umenasa. Upite kwenye mifupa ya nyonga, siyo tumboni. Mama mjamzito aupitishe chini ya tumbo.

4. Mkanda mmoja, mtu mmoja. Usimfunge mtoto pamoja nawe mapajani, maana uzito wako utamponda.

5. Mwenye gari, usikubali kiti kichomelewe juu ya bati jembamba. Fundi atumie bolti nene na kipande cha chuma imara chini ya sakafu. Kagua kutu mara kwa mara, kwani hewa ya chumvi yala chuma.

Mtu mmoja akilalamika huambiwa, "Shuka basi." Lakini kikundi kinapokodi gari la harusi au mazishi, kina sauti. Kabla ya kulipa, tumeni watu wawili wakatikise viti na kuvuta mikanda. Ni kazi ya dakika 10. Sisi wenyewe twafanya hivyo tangu safari ile, na hakuna anayecheka tena.

Tahadhari kabla ya hatari.