Q bila U: akiba ya Mswahili katika Scrabble ya Kiingereza

Katika mchezo wa Scrabble wa Kiingereza, hakuna kibao kinachomtia mtu tumbo joto kama Q. Kina alama 10, lakini maneno mengi ya Kiingereza yenye Q huifuatanisha na U, na katika vibao vyote 100 vya mchezo huo, U ziko nne tu. Zikishatumika, aliyebaki na Q mkononi huanza kuhesabu hasara.

Hapo ndipo mchezaji wa Mombasa, Unguja au Bujumbura ana akiba ambayo pengine hajui kwamba anayo. QADI ni kadhi. TALAQ ni talaka. QIBLA ni kibla, WAQF ni wakfu, FAQIR ni fakiri, na SUQ ni soko. Maneno yote haya yamo katika orodha ya Collins, inayotumika katika mashindano mengi ya kimataifa.

Kiingereza kiliyapata kutoka Kiarabu, kama Kiswahili kilivyoyapata. Tofauti ni kwamba wao waliiacha Q mahali pake, nasi tukaandika K. Neno WAQF peke yake lina alama 19, kabla hata ya kuongeza zile za miraba ya ubaoni.

Orodha ya Collins ina maneno zaidi ya 270,000. Wachezaji hodari hawajisumbui kujua maana ya kila neno. Wao hulitafuta neno kwa herufi zake.

Njia yao ya mazoezi ni rahisi kueleza, ingawa inataka subira. Huzipanga herufi kwa mfuatano wa alfabeti, kisha hujiuliza zinazaa maneno gani. Mtu akiona AEINRST, kichwani mwake yanakuja NASTIER, RETAINS, RETINAS na STAINER. Hilo si jambo dogo, kwa sababu anayetumia vibao vyake vyote saba kwa mkupuo mmoja huongezewa alama 50. Siku hizi programu za simu hufanya kazi hiyo kwa sekunde moja, lakini kwenye meza ya mashindano simu hairuhusiwi.

Ushahidi kwamba mchezo huu ni wa herufi kuliko wa lugha ni Nigel Richards wa New Zealand. Mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kuweza kuzungumza Kifaransa. Mwaka 2024 akafanya hivyohivyo kwa Kihispania. Alichokuwa nacho ni orodha aliyoihifadhi kichwani.

Mwaka huohuo wa 2015, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, alipomshinda Lewis Mackay wa Uingereza mjini Perth, Australia. Wanigeria walijijengea sifa kwa mbinu ya kutochezea kila neno refu linalopatikana. Waliyapenda maneno ya kati, hasa ya herufi tano, ili wabaki na herufi nzuri mkononi na wasimfungulie mpinzani njia.

Kwa kijana wa Kisumu au Arusha anayeambiwa kwamba Kiingereza chake si kizuri, hili ni jambo la kutia moyo. Katika meza hii lafudhi haina alama. Isitoshe, baadhi ya maneno yaliyomo orodhani ameyanyonya nyumbani. KANZU ina alama 18. MZEE ina alama 15. Mwenye A tatu na U moja anaweza kujiokoa kwa UJAMAA akiwa na J na M. Aliyelemewa na A, I na U akumbuke UGALI. MATATU nayo imo, na si kama tarakimu bali kama gari la abiria la Kenya.

Lakini kuna swali linalobaki. Maneno hayo yanahesabiwa kwa sababu wahariri wa kamusi za Kiingereza waliamua kuyapokea. UGALI unapewa alama kwa kibali chao, wakati sisi wenyewe hatujakaa tukakubaliana maneno gani ya Kiswahili yahesabiwe katika mchezo wetu.

Kamusi tunazo, lakini kamusi si orodha ya mchezo. Kitenzi kimoja kama "soma" huzaa ninasoma, tutasoma, wakisomeana na mamia ya maumbo mengine. Je, yote yakubaliwe? Ugali huitwa posho nchini Uganda. Je, vyote viwili viingie kwa maana hiyo? Anayecheza Lubumbashi ahukumiwe kwa Kiswahili cha Dar es Salaam?

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999 unataka Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya mawasiliano ya watu wa kanda hii, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Kazi ya kuketi pamoja na kukubaliana orodha ya maneno ya kuchezea ni ndogo kuliko mengi iliyokwisha kukabidhiwa, na watoto wa shule wangeiona faida yake jioni hiyohiyo.

Pa kuanzia panajulikana. Alfred Butts, msanifu majengo wa New York aliyebuni mchezo huu katika miaka ya 1930, aliamua kila herufi iwe na vibao vingapi kwa kuhesabu herufi katika kurasa za magazeti. Kiswahili kingetoa hesabu nyingine kabisa: A zingejaa mfukoni, K zingekuwa nyingi, na Q isingekuwamo. Gazeti la kuhesabia msomaji analo mkononi sasa hivi.