Historia Katika Viraka
Wapo wadhanio kwamba historia hukaa vitabuni tu. La hasha! Huko Gee's Bend, kijiji cha wazao wa watumwa wa mashamba ya pamba jimboni Alabama, Marekani, Missouri Pettway alifiwa na mumewe, mkulima. Mwaka wa 1942, akisaidiwa na bintiye, alizirarua nguo alizolimia marehemu, akazishona kuwa mfarishi wa viraka wa kujifunika na kumkumbukia. Madoa na rangi iliyopauka vilibaki vikisimulia jasho la shamba. Mnamo 2002 mifarishi ya kijiji hicho ilionyeshwa katika jumba la makumbusho la Whitney, New York.

Walimu, kabla ya kuwatungisha wanafunzi insha juu ya urithi, waulizeni: nguo kuukuu za shambani kwenu zimetupwa wapi?