Kitabu « Fascination »: juu ya nini mapenzi yake yanaacha wasomaji wengi na njaa

Wenye kusoma Kifaransa wanakijua kwa jina la « Fascination ». Kwa Kiingereza kinaitwa « Twilight ». Kwenye jalada kuna mikono miwili myeupe inayoshika tunda jekundu. Kilitoka Marekani mwaka wa 2005, na filamu yake ikatoka mwaka wa 2008. Pamoja na vitabu vilivyokifuata, nakala zaidi ya milioni 100 zimeuzwa duniani.

Kwa sifa kubwa kama hiyo, msomaji anakifungua na hamu nyingi. Kumbe wengi wanakifunga wakisema: ni hii tu? Shida iko wapi?

Hadithi yenyewe

Bella Swan ana miaka 17. Anatoka Phoenix, mji wa jua kali, anaenda kuishi na baba yake, mkubwa wa polisi kule Forks, mji mdogo wa mvua nyingi katika jimbo la Washington. Kwenye shule anakutana na Edward Cullen, kijana mwenye sura nzuri sana, ambaye hagusi chakula.

Bella anakuja kujua kwamba Edward ni mnyonya damu, kiumbe asiyezeeka. Aligeuzwa hivyo mwaka wa 1918, wakati homa ya Kihispania ilikuwa karibu kumuua. Yeye na familia yake wanakunywa damu ya nyama wa pori, watu hawawagusi. Lakini harufu ya damu ya Bella inamsumbua kupita zote. Anampenda, na papo hapo anatamani kumuua.

Wazo hilo ni zuri, tena lina nguvu. Muandikaji, Stephenie Meyer, amesema lilimjia katika ndoto mwaka wa 2003. Hiki ndicho kitabu chake cha kwanza, na mvua, baridi, na ile haya ya mtu anayependa mara ya kwanza, ameviandika vizuri.

Fasi kinapochosha

Kitabu kina karibu kurasa 500. Sehemu kubwa, wawili hawa wanaangaliana, wanaulizana maswali, wanaachana, kesho wanaanza tena. Bella anasifu uzuri wa Edward, kiisha anausifu tena. Adui wa kweli, James, anatokea tu karibu na mwisho, na toka hapo mambo yote yanakimbia mbio.

Tena kuna jambo lingine. Bella ndiye anayesimulia. Wakati wa pigano kubwa anapoteza fahamu. Anapoamka yuko hospitali, James amekwisha kuuawa, na msomaji hakuona kitu. Ni kama kufuata mechi kwenye radio, halafu mawe yanakwisha nguvu mbele ya penalti.

Kulinda ao kuchunga?

Lakini kuchosha si shida kubwa. Kubwa ni ile kitabu kinaita mapenzi.

Usiku, Edward anaingia katika chumba cha Bella bila yeye kujua, anamwangalia akiwa amelala. Siku Bella anapopata habari hiyo, anaona haya juu ya maneno aliyosema usingizini, lakini moyoni anafurahi. Swali la « nani alikuruhusu? » halina uzito kwake. Katika kitabu cha tatu, « Hésitation », Edward anatoa kipande cha mashini ya gari ya Bella ili asiende kumuona rafiki yake Jacob. Anasema ni kwa kumlinda.

Wasomaji wengi wa Marekani walisimama hapo. Toa ile sura nzuri, toa na nguvu za ajabu. Kinachobaki ni kijana anayeingia nyumba ya watu usiku, anafuata msichana kila fasi, na kuharibu gari yake ili akae nyumbani. Baba ya Bella ni polisi: angejua, angemfunga.

Wapo wanaomtetea Edward. Wanasema yeye mwenyewe alimwambia Bella kwamba ni mtu wa hatari, na Bella alichagua kubaki. Wanasema pia kwamba hadithi si sheria, mtu anaweza kuifurahia bila kuiga. Meyer naye alijibu kwa njia yake: mwaka wa 2015 alitoa hadithi ileile, lakini msichana ndiye mnyonya damu, na mvulana ndiye anayehitaji kuokolewa. Alitaka kuonyesha kwamba Bella ni dhaifu kwa sababu ni binadamu kati ya viumbe wenye nguvu, si kwa sababu ni msichana.

Jibu hilo lina maana. Ila halimalizi swali. Akiwa msichana ao mvulana, mwenye kuchungwa bila kuulizwa anabaki amechungwa.

Kwa nini jambo hili linatugusa

Kitabu hiki kiliandikwa kwa vijana. Kijana anayependa mara ya kwanza hana bado kipimo: anapima na yale aliyoona nyumbani, aliyosikia kwa marafiki, na aliyosoma. Mpenzi akianza kufungua telefone yake kila jioni, akimkataza kusalimia fulani, akitaka kujua kila saa yuko wapi, anaweza kufikiri: huyu ananipenda kama Edward. Wivu unavaa nguo ya mapenzi, na siku inapovuliwa, mara nyingi msichana amekwisha kuachana na marafiki wote ambao wangemsaidia.

Mzazi ao mwalimu anayeona kitabu hiki mikononi mwa kijana hana lazima ya kukinyang'anya. Kitu kikikatazwa, kitasomwa kwa siri, na maswali hayataulizwa. Afazali amuache akimalize, kiisha wakae pamoja na kumuuliza swali moja tu: katika kurasa hizo zote, ni mara ngapi Edward alimuomba Bella ruhusa?