Breki kubwa hazitoshi Kitonga

SHULE zikifungwa, familia nyingi hupakia magari kwenda kuwasalimia bibi na babu Iringa, Mbeya na Tukuyu. Ukitoka Dar es Salaam, Mlima Kitonga unaupanda. Ni wakati wa kurudi ndipo unaushuka, kona baada ya kona, gari limejaa watoto na viazi, malori mbele na nyuma.

Baadhi ya wazazi humwomba fundi awafungie diski kubwa au zenye matundu, wakiamini gari litasimama mapema. Kwa kusimama mara moja ghafla, tofauti huwa ndogo mno. Breki huzuia magurudumu, lakini kinacholishika gari barabarani ni tairi. Kama breki ulizonazo ni nzima na zinaweza kufunga magurudumu au kuamsha ABS, kuongeza nguvu ya breki hakukupunguzii hata hatua moja. Kwenye lami kavu, gari dogo lenye tairi nzuri likiwa kilomita 80 kwa saa huhitaji kama mita 58 kusimama, na takriban 22 kati ya hizo huisha kabla mguu haujagusa pedali. Tairi zikiwa vipara na mvua ya Tukuyu inanyesha, diski za bei mbaya hazikuokoi.

Mteremkoni adui ni joto. Kila unaposhuka kimo cha mita 40 kwa breki peke yake, zinapokea joto karibu sawa na la kusimamisha gari kutoka kilomita 100 kwa saa. Kitonga ina mamia ya mita. Hapo diski kubwa zina maana, kwa kuwa hubeba joto jingi kabla ya kuzidiwa.

Hata hivyo, fedha yangu ningeianzia kwenye mafuta ya breki, kitu ambacho wengi hatukikumbuki mpaka fundi aulize. Hunyonya unyevu taratibu. Mafuta mapya ya DOT 4 hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishaingia maji yanaweza kuchemka kwenye 155 hivi. Yakichemka hutoa mvuke, na pedali huzama hadi chini bila gari kushika. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Kisha tairi, kisha pedi zenye ubora, si zile za bei ya kutupa. Diski kubwa zisubiri.

Na gia. Kabla ya kuanza kushuka, iwe Kitonga au Iwambi kule Mbeya, ingiza gia ya pili. Kwa otomatiki weka L au 2, injini ilizuie gari. Wanaoweka nyutro ili kuokoa petroli wanaziachia breki kazi yote.

Ukisikia harufu ya kuungua au pedali imelegea, tafuta mahali salama usimame, watoto washuke upande wa mbali na barabara, breki zipoe zenyewe. Usizimwagie maji: diski ya moto inaweza kupinda au kupasuka.