Neno "Hand" na Maana Zake Nyingi

Mtu wa Matiliku akienda hospitali na kusema kwa Kiswahili kwamba mkono unamwuma, amesema kweli hata kama maumivu yako begani. Kwa Kiswahili mkono huanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole, na Mkamba asemapo kwoko hagawanyi zaidi. Mwingereza hugawanya. Sehemu ya juu huiita "arm", na kuanzia kifundo kwenda vidoleni huiita "hand". Basi karani akiandika "hand" katika cheti cha mgonjwa huyo, tabibu atakitazama kiganja, na bega litasahauliwa. Ni heri karani aulize kwanza: ni bega, ni kiwiko, au ni kitanga?

Hata katika vipimo maneno hayo mawili hayalingani. Wauza nguo wa zamani walipima mkono toka kiwiko hata ncha ya kidole cha kati, kadiri ya inchi 18. Mikono 4 ni pima moja, na mikono 8 ni doti. Mwingereza naye ana kipimo cha "hand", lakini ni inchi 4 tu, nacho ni cha kupimia kimo cha farasi. Mtu asomaye kwamba farasi ana "hands" 15, kisha akatafsiri mikono 15, atakuwa amemzidisha farasi huyo kimo kuliko twiga! Kwa kweli ana futi 5 begani.

Pengine lugha hizi hukutana. Chana la ndizi Mwingereza huliita "hand", na ndizi moja moja huiita kidole, kama vile Waswahili wasemavyo dole la ndizi. Mshale wa saa pia ni "hand". Watu wa pwani huuita akrabu, yaani nge. Lakini "second hand" ina mtego: katika saa ni mshale wa sekunde, na dukani ni kitu kilichokwisha kutumiwa na mtu mwingine, kama nguo za mitumba.

Waingereza pia huwaita wafanya kazi "hands", wakitaja kiungo badala ya mtu mzima. Neno hilo huwafaa vibarua wa ujira. Haliwafai watu wa mwethya, ambao huchimbiana matuta kwa zamu bila mshahara. Afadhali neno mwethya liachwe kama lilivyo na kuelezwa kuliko kuwageuza majirani kuwa vibarua. Na mtu stadi aliyezoea kazi kwa miaka mingi huitwa "old hand", wala si mkono mzee.

Tena kuna mkono mrefu. Mwingereza husema sheria ina mkono mrefu, akimaanisha kwamba mkosaji hakimbilii mbali, lakini hapo hutumia "arm". Kwa Kiswahili, kumwambia mtu ana mkono mrefu ni kumwita mwizi. Mtafsiri wa hotuba na ajihadhari.

Katika hati za serikali, maneno "under my hand" maana yake ni kwa sahihi yangu. La kuangaliwa zaidi na mkulima ni "note of hand". Hiyo si barua iliyoandikwa kwa mkono, bali ni hati ya ahadi ya kulipa: mtu aliyetia sahihi ameahidi, bila sharti lolote, kulipa kiasi kilichotajwa, ama siku iliyowekwa ama wakati wowote atakapodaiwa. Sheria ya Kenya juu ya hati za namna hiyo ni Sura ya 27. Mwenye kuchukua mbegu au dawa ya kunyunyizia miembe kwa mkopo, akipewa karatasi yenye maneno hayo, asomewe yote kabla ya kushika kalamu.

Maneno "on the other hand" hayana mkono ndani yake hata kidogo. Ni "kwa upande mwingine", basi.