DAKTA COBB NA TUNDU ZA CHUJIO

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kuwa mkono mmoja haulei mwana. Leo nitakueleza habari za mama mmoja wa Marekani ambaye maisha yake yanaishuhudia methali hii. Huyu si mwingine ila Dakta Jewel Plummer Cobb, mtaalamu wa seli.

Kwanza, seli ni nini? Ni kijumba kidogo mno cha uhai. Mwili wako, tangu utosini hadi unyayoni, umejengwa kwa seli kama nyumba ijengwavyo kwa matofali. Ili kuziona unahitaji hadubini.

Cobb alizaliwa Chicago mwaka wa 1924. Alipochungulia katika hadubini akiwa sekondari, roho yake ilitekwa papo hapo. Mwaka wa 1941 alijiunga na Chuo Kikuu cha Michigan, lakini wapi! Mabweni yalibagua weusi. Akafunga virago akaenda Chuo cha Talladega, Alabama, akamaliza 1944. Alipoomba nafasi ya kufundisha huku akisoma katika Chuo Kikuu cha New York, alinyimwa kwa sababu ya rangi yake. Hakukaa akalia. Alifunga safari akaenda mwenyewe, wakaona vyeti vyake, wakampa. Mwaka wa 1950 akapata shahada ya uzamifu.

Alichunguza melanini, ile rangi ya ngozi inayotukinga na miale mikali ya jua, na seli zinazoitengeneza zikigeuka saratani. Yeye na Dakta Jane Wright walikuza seli za uvimbe katika vyombo vya maabara, kisha wakazitia dawa ili waone matokeo. Dawa mojawapo ilikuwa methotreksati. Seli haiwezi kujigawanya bila asidi ya foliki, na dawa hii huizuia kuitumia. Kwa kuwa saratani ni seli zinazojigawanya ovyo, ukizuia kugawanyika umeipunguza nguvu. Dawa hiyo ingali inatumika hospitalini hadi leo.

Basi, angeweza kutulia na sifa zake. La hasha! Mwaka wa 1969 alikwenda Chuo cha Connecticut kuwa mkuu wa kitivo, na utafiti hakuuacha. Huko alianzisha mpango wa kuwaandaa wanafunzi wa jamii zilizobaguliwa wakasomee udaktari wa watu na wa meno. Vyuo zaidi ya 20 viliuiga. Toka 1981 hadi 1990 alikuwa rais wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California, Fullerton. Hata baada ya kustaafu aliongoza kazi ya kuwasaidia watoto wa shule kutoka familia maskini wapende sayansi na hesabu. Alifariki 2017.

Mwaka wa 1979 aliandika makala akifananisha elimu ya sayansi na chujio. Alieleza kuwa kwa wanawake tundu za chujio zimefanywa nyembamba zaidi, kwa hivyo wengi hukwama njiani. Tatizo si akili zao, tatizo ni tundu.

Ndugu msomaji, chujio hilo hata hapa kwetu liko. Hadubini yetu ni moja na sisi ni arobaini na kitu. Ukifikiwa na zamu, kengele inalia. Tulipochagua masomo mwaka huu, wasichana watano wa darasa letu waliacha Fizikia, na mimi nusura niwe wa sita. Eti ni somo la wavulana! Aliyeniokoa ni dada mmoja wa kidato cha 4. Alikaa nami kila jioni juma zima, ingawa anaishi mbali na hutembea kwa miguu, mpaka nikaelewa umeme unavyozunguka.

Dada huyo hana shahada, lakini alipanua tundu moja nikapita. Kwa hivyo nyinyi wadogo zangu wa kidato cha 1, mkishindwa na Biolojia au Fizikia, njooni darasani kwetu Ijumaa baada ya vipindi. Sijui yote, lakini nitakaa nanyi. Kidole kimoja hakivunji chawa.